Mkono ukisahau, neno nalo hufa

Kwa zaidi ya miaka ishirini nimekuwa nikifundisha Kiswahili katika shule za upili, na kila mwaka, somo la msamiati wa kazi za mikono lilipowadia, niliandika ubaoni maneno matatu: mfumi, mtande, mshindio. Mfumi ni mtu afumaye nguo. Mtande ni nyuzi zinazotandwa kwa urefu. Mshindio ni uzi unaopitishwa kwa mapana kuukatiza mtande. Wanafunzi waliyanakili, wakayakariri, wakaulizwa katika mtihani, wakapata alama zao. Siku moja msichana wa kidato cha pili aliinua mkono akauliza: "Mwalimu, kwa nini mtande hutulia na mshindio ndio utembeao? Kwa nini isiwe kinyume chake?" Nilimjibu kwamba ndivyo mambo yalivyo, kisha nikaendelea na neno la nne.

Hilo, waama, halikuwa jibu. Ukweli ni kwamba nilikuwa sijapata kumwona mfumi kazini, wala sijaushika uzi wa mshindio hata siku moja. Nilikuwa kama mtu anayewaelekeza wenzake njia ya mji asioufika.

Jibu la msichana yule nililipata mwaka jana, tena ugenini. Binti yangu ni muuguzi huko Uingereza. Nilipokwenda kumzuru wakati wa likizo, alinipa zawadi ambayo sikuitarajia: siku nne za mafunzo ya kufuma katika Chuo cha West Dean, kilicho mashambani kaskazini mwa mji wa Chichester, katika jimbo la Sussex. "Baba," aliniambia, "umezoea kuwasimamia wengine wakiandika. Safari hii keti chini, ufundishwe wewe."

Mpenzi msomaji, huenda ukalifikiria neno "chuo" ukaona majengo ya saruji na ubao wa matangazo langoni. West Dean si hivyo. Ni jumba kubwa la mawe ya gumegume, yale mawe magumu ambayo wazee wa zamani waliyatumia kuwashia moto. Lilipewa sura yake hii mwanzoni mwa karne ya 19 na msanifu majengo James Wyatt. Mwaka 1891 lilinunuliwa na William James, mtu wa familia iliyotajirika kwa biashara huko Marekani, na katika enzi zake hata Mfalme Edward VII alikuwa akija hapo kama mgeni. Lilikuwa jumba la mabwana na watumishi, la uwindaji na karamu. Fundi wa siku hizo, endapo aliitwa, aliitwa kutengeneza kitu kilichoharibika, kisha akaenda zake.

Aliyeibadilisha historia hiyo ni mwanawe, Edward James, aliyezaliwa mwaka 1907. Huyu alikuwa mshairi na mfadhili wa wasanii, mtu wa vituko vyake. Husimuliwa kwamba alimwona mkewe, Tilly Losch, aliyekuwa mnenguaji mashuhuri, akipanda ngazi kutoka bafuni akiacha alama za nyayo zilizolowa maji. Alipendezwa nazo mno hata akaagiza zulia la ngazi lifumwe na nyayo hizo ndani yake. Ndoa yao haikudumu. Nyayo zilibaki zuliani.

Lakini si kwa ajili ya vituko ninamtaja. Mwaka 1939, vita vikuu vya pili vilipokuwa vikianza, Edward James alimwandikia mwandishi Aldous Huxley barua akieleza hofu yake kwamba vita vitakapokwisha, maarifa ya mafundi wa mikono yatakuwa yamepotea. Wengi wakati huo walihofia miji kubomolewa na mipaka kuhamishwa. Yeye alihofia pia kwamba wataondoka watu wanaojua jinsi ya kutengeneza vitu, na wakishaondoka, hakuna kitabu kitakachowarudisha. Mwaka 1964 alilikabidhi jumba hilo pamoja na shamba lake kwa wakfu, na mwaka 1971 chuo kikafunguliwa humo. Alifariki mwaka 1984, akazikwa papo hapo West Dean.

Basi humo ndimo nilimoingia, na begi langu na kalamu zangu tatu, kwa desturi ya mwalimu. Kalamu hizo hazikuwa na kazi yoyote.

Darasani tulikuwa watu wachache, wengi wao akina mama waliostaafu. Mwalimu wetu alikuwa mama wa makamo mwenye sauti ya chini. Wenzangu walimwita kwa jina lake la kwanza, kama ilivyo ada ya huko. Mimi ulimi wangu ulikataa kata kata. Nilimwita Mwalimu, na nilipomfasiria maana yake alicheka, akalikubali.

Asubuhi yote ya kwanza hatukufuma kitu. Tulitanda mtande tu. Kila mmoja alipewa fremu ya mbao na uzi wa pamba usokotwao imara, akauzungusha juu na chini, juu na chini, hadi nyuzi zikasimama sambamba kama za zeze. Kisha Mwalimu alipita akizigusa kwa kidole, moja baada ya nyingine, akisikiliza. Uliolegea aliuacha ukining'inia, akamtazama mwenye fremu, wala hakusema neno. Mimi nilirudia mara tatu. Nilipokuwa nikirudia mara ya tatu ndipo nilipomkumbuka msichana wa kidato cha pili. Mtande hutulia kwa sababu ndio unaobeba uzito wote. Ukicheza, kazi yote hucheza. Na katika ufumaji wa picha, ule wa mazulia yanayotundikwa ukutani, mtande hufunikwa na mshindio usionekane kabisa. Mtazamaji huona rangi, huona farasi na maua na nyuso za watu, asijue kwamba nyuma ya kila rangi kuna uzi mweupe uliokazwa ambao hatauona kamwe.

Mchana tukaanza kupitisha sufu. Uzi hupita mbele ya mtande mmoja na nyuma ya mwingine, kisha ukirudi hufanya kinyume chake. Hupitishwa kidogo kidogo, halafu hugongwa chini kwa kitana ili ushikamane na uliotangulia. Nilipokuwa nikigonga, sikio langu la mwalimu wa lugha lilizinduka. Kumbe nilikuwa nikiushindilia uzi! Ninashindilia mshindio! Maneno haya mawili nilikuwa nimeyafundisha katika masomo mbalimbali, wala sikupata kuyasikia yakiitana. Sauti ya kitana ndiyo iliyoyakutanisha. Nilitamani pale pale niwe na darasa langu mbele yangu.

Furaha yangu haikudumu. Siku ya pili niligundua kwamba kitambaa changu, kilichoanza na upana wa shubiri nzima, kilikuwa kimefanya kiuno kama nyigu. Nilikuwa nimeuvuta mshindio kwa bidii, nikidhani kukaza ndiko ufundi. Mwalimu alikuja, akakishika kidole changu, akaupitisha uzi pamoja nami, na kabla ya kuugonga akauinua katikati ukafanya upinde kama kilima kidogo. Upinde ule ndio akiba. Uzi unapogongwa hujipenyeza mbele na nyuma ya kila mtande, na safari hiyo ni ndefu kuliko mstari ulionyooka. Asiyeuachia akiba, uzi huitafuta penginepo, ukavuta kingo ndani. Baada ya hapo aliniambia nikifumue.

Kufuma na kufumua: katika lugha yetu ni herufi moja tu iliyoongezeka. Nilitumia saa tatu kuthibitisha kwamba kufumua kwafundisha kuliko kufuma, kwa maana ukirudi nyuma unaliona kila kosa lako likiwa limekaa mahali pake. Nimesahihisha maelfu ya insha kwa kalamu nyekundu. Sikumbuki hata mara moja nilipokaa na mwanafunzi tukaifumua insha yake, uzi baada ya uzi, hadi mahali kiuno kilipoanzia.

Ningependa walimu wenzangu walizingatie jambo moja. Mafunzo haya yalikuwa ya kukaa. Tulilala huko, tukala meza moja, na jioni baada ya chakula aliyetaka alirudi kwenye fremu yake. Mtu hakukurupuka kwa kengele ya dakika arubaini kwenda kwenye somo jingine. Nilipolitafakari hilo niliona kwamba si jambo geni kwetu. Jando na unyago vilikuwa mafunzo ya kukaa. Mwanagenzi wa mhunzi au wa mjenzi wa majahazi aliishi karibu na fundi wake, akamwona akifanya kazi, akikosea na akirekebisha. Wazee wetu walifahamu kwamba ziko elimu zisizopita katika maneno pekee, zinazohitaji mtu akae karibu na mtu mwingine kwa muda, mkono wa mmoja uuelekeze wa mwenzake.

Hapo West Dean kuna karakana ya kufuma mazulia ya ukutani iliyoanzishwa mwaka 1976, na kazi yake ya mwanzo ilikuwa kuifuma michoro ya mchongaji Henry Moore. Baadaye wafumi wake walipewa kazi iliyonistaajabisha zaidi. Orodha ya mali ya Mfalme James V wa Uskoti, ya mwaka 1539, hutaja seti ya mazulia yenye hadithi ya yule mnyama wa kubuniwa mwenye pembe moja. Mazulia hayo yalikwisha kutoweka. Wahifadhi wa Kasri la Stirling walipoamua kulirudishia jumba la kifalme sura yake, waliwataka wafumi wa West Dean wafume mazulia saba, wakifuata mfano wa yale ya zamani ya mwaka 1500 hivi yaliyohifadhiwa jijini New York. Kazi hiyo ilichukua zaidi ya miaka kumi, na zulia la mwisho lilitundikwa mwaka 2015. Baadhi yalifumwa West Dean, mengine yakafumwa Stirling kwenyewe mbele ya macho ya watalii. Ujuzi ambao Edward James alihofia utapotea ndio uliozirudishia kuta zile mavazi yake.

Jioni ya tatu, tukiwa mezani, bibi mmoja wa makamo ya mama yangu aliniuliza: "Kwenu mnafuma nini?" Nikajivuna. Nikamweleza kiondo, jinsi kinavyosukwa kwa katani, mistari yake ya rangi, mshipi wake wa ngozi. Nikamwambia kwamba mama yangu, huko Ukambani, alikuwa msusi wa vyondo, na kwamba ada ya shule yangu ilitoka humo kwa sehemu kubwa. Bibi yule alisikiliza kwa makini, kisha akauliza swali la mtu anayejua kazi: "Kinaanzwaje? Kwenye kitako, nyuzi za kwanza zinashikanaje?"

Sikujua. Nilikuwa nimekaa miaka kumi na minane kando ya mwanamke yule, nikisoma kwa mwanga wa koroboi naye akisokota nyuzi kwenye paja lake, nisijue kiondo huanzwaje. Hakuna aliyenikataza kwa maneno. Ilieleweka tu kwamba ile ni kazi ya wanawake, tena kazi ya umaskini, na kwamba mimi nilikuwa nikisomeshwa ili niikimbie.

Nitaungama jambo jingine, maadamu nimekwisha kuanza. Katika miaka ya 1990, kabla sijahamia shule za upili, nilifundisha katika shule moja ya msingi. Chini ya mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985, Sanaa na Ufundi lilikuwa somo, na wanafunzi walitakiwa kutengeneza vitu kwa mikono yao. Siku ya kuvileta, meza yangu ilijaa vikapu na vyondo vilivyosukwa vizuri kupita kiasi. Nilijua vimenunuliwa sokoni. Vingine vilikuwa bado vinanukia duka. Niliviandikia alama, nzuri, nikafunga daftari. Kosa hilo ni langu, si la mtoto aliyenunua. Tulikuwa tumemfundisha kwamba kinachotakiwa ni kitu, wala si mkono unaokijua.

Nafahamu pingamizi zitakazotolewa. Wapo watakaosema kwamba West Dean ni mahali pa wenye uwezo, kwamba wastaafu wa Uingereza hufuma kwa kujiburudisha ilhali mama wa Ukambani husuka ili apate unga. Ni kweli tupu, na mimi mwenyewe nisingeingia pale kama si jasho la binti yangu. Wengine watasema ufundi haulipi. Hilo nalo ni kweli mara nyingi, na mwenye haki ya kulisema kwanza ni msusi anayelipwa kidogo kwa kiondo kitakachouzwa ghali mbali. Lakini tusichanganye mambo mawili. Kwamba kazi hailipwi ipasavyo ni hoja ya kuilipa ipasavyo. Si hoja ya kuisahau. Waingereza hawakuuhifadhi ufumaji kwa sababu wanaipenda mikono kuliko sisi. Viwanda vyao vilikuwa miongoni mwa vya kwanza duniani kuwaangamiza wafumi wa mikono. Uliokolewa kwa sababu baadhi ya watu waliupa mahali, muda na heshima.

Nasi tumekwisha kupoteza mengi. Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta alipofika Mogadishu, aliandika juu ya nguo zilizofumwa huko na kupelekwa hadi Misri. Wareno walipokuja baadaye waliikuta Pate ikisifika kwa nguo zake za hariri. Katika magofu ya Kilwa wachimbuzi wamefukua vigurudumu vidogo vilivyotumiwa kusokotea pamba. Kwa hiyo mtande na mshindio hayakuwa maneno ya kupambia kamusi. Yalikuwa maneno ya watu kazini. Kisha katika karne ya 19 shehena za kitambaa cha Marekani zilishuka Unguja, watu wakakiita merikani, na kadiri kitambaa cha mashine kilivyoenea, wafumi wakazidi kupungua. Maneno yao yalibaki kidogo, kama mvuke juu ya chungu kilichokwisha kuepuliwa. Leo hukaa katika orodha za msamiati, yakisubiri mtihani. Neno hufa baada ya mkono kuliacha. Walimu wa lugha mara nyingi huwa ndio wa mwisho kupata habari za msiba.

Mtaala wa Umilisi, ulioanza kufanyiwa majaribio mwaka 2017, unasema mwanafunzi ajue kutenda, si kukariri tu. Ni kauli njema. Lakini hakuna mtaala utakaomfaa mtoto ikiwa kazi ya mikono itafanywa na mzazi usiku wa kuamkia siku ya kuikabidhi. Ombi langu kwa walimu wenzangu ni dogo. Kila shule ya nchi hii ina msusi, mfinyanzi, mchongaji au mshona kofia asiyeishi mbali na lango lake. Aalikwe. Alipwe kama mwalimu mgeni, wala asipewe soda na kushukuriwa. Akae siku mbili tatu na darasa moja, kwa kazi moja, bila kengele. Shule za bweni hasa hazina kisingizio, kwani wanafunzi wao tayari wanakaa. Na kazi itakayotoka isipewe alama. Mwalimu wa Kiswahili naye aketi hapo chini pamoja na wanafunzi, na daftari lake tupu, aandike maneno fundi anayoyatumia.

Niliporudi nyumbani nilikwenda kwa mama. Macho yake yamefifia, hasuki tena. Nilimwonyesha kitambaa changu cha West Dean, chenye upana wa shubiri na kiuno ambacho sikufaulu kukiondoa chote. Alikipapasa kingo zake kwa vidole, akacheka. "Ulivuta," alisema. Hakuwa ameambiwa.

Nikamwomba anifundishe jinsi kiondo kinavyoanzwa. Alinyamaza kitambo, kisha akaniuliza kama watu hawatanicheka, mwanamume mwenye mvi na mwalimu mzima. Nikamwambia nilikwisha kuchekwa Ulaya. Akaniagiza nilete katani. Tulikaa kivulini, akazikata nyuzi fupi, akazipanga zikikutana katikati, kisha akachukua mbili ndefu akazizungusha, moja ikipita mbele na nyingine nyuma, zikisokotana kila zinapopishana. Zile fupi ndizo mtande wake. Hizi mbili ndizo mshindio. Kila duara lilipopanuka aliongeza nyuzi nyingine fupi.

Nimejaribu mara nne, na kitako changu bado hufumuka nikikiinua. Kesho ni Jumamosi. Nitakwenda tena.